Umenunua siga dukani hapa kwetu? Tuambiane tulichokutana nacho kabla mwingine hajapigwa

Mkwe wa Kinondoni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Naomba leo tuzungumze siga. Nasema zile kubwa za kusokotwa kwa mkono, ambazo wazee wetu waliziita biri, si sigara za pakiti. Wengi humu hamvuti, na mimi mwenyewe kwa mwaka sizidishi tatu au nne, nyingi zikiwa za harusini. Ila wanunuzi ni wengi kuliko wavutaji. Mtu anatafuta zawadi ya bosi, ya baba mkwe, ya bwana harusi. Anaingia dukani hajui lolote, anatoka na boksi zuri, na hela ndiyo imeshakwenda. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mwaka jana baba mkwe alistaafu. Alifanya kazi melini miaka mingi, na ujanani alizoea kuwasha siga ya Cuba kila safari ndefu ilipokwisha salama. Nikasema mzee huyu nimpelekee kitu anachokijua. Nikaingia duka moja la vinywaji hapa Dar, kubwa, safi, kiyoyozi kinakufanya utamani koti. Nyuma ya kaunta kuna kabati la kioo lenye taa ndani. Nikaulizia Cohiba. Kijana akanishushia boksi lenye mfuniko wa kioo, siga 25 zimelala humo zinang'aa. Laki nne na nusu. Nikaomba alifungue nizione vizuri. Akasema likishafunguliwa nimelinunua. Nikaona ana haki, nikalipa.

Mzee alilipokea kwa furaha, akaligeuza, akaangalia kitako chake kwa muda, akaliweka mezani. Mbele ya wageni hakusema neno. Wiki iliyofuata akaniita barazani kwake, akaniambia kwa upole kwamba Cohiba ya Cuba haijawahi kuuzwa kwenye boksi la kioo. Kisha akachukua moja akaipasua kwa kisu mbele yangu. Siga nzuri ya mkono ndani ina majani marefu, yanaanzia kichwani yanaishia miguuni, yamekunjwa pamoja. Ile yangu ilimwaga vipande na vumbi, kama takataka zilizofagiwa sakafuni pa kiwanda.

Laki nne na nusu iliniuma. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee aligundua siku ile ile mbele ya watu, akanisitiri.

Basi akanifundisha kusoma boksi, na mimi nawapa kama nilivyopewa. Boksi la Cuba lina stika ya dhamana ya serikali yao, ya kijani, ambayo chanzo chake ni mwaka 1912. Toleo linalotumika tangu 2010 lina hologramu na msimbopau wenye namba ya boksi hilo peke yake, na namba hiyo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya Habanos S.A., kampuni inayouza siga zote za Cuba nje. Kitako cha boksi kimechomwa kwa muhuri wa moto: "Hecho en Cuba" na "Totalmente a mano", yaani imetengenezwa Cuba, yote kwa mkono. Pitisha kidole, utasikia maandishi yamezama kwenye ubao. Pembeni yake kuna mhuri wa wino wenye alama za siri za kiwanda, na mwezi na mwaka wa kufungashwa, mwezi ukiwa kwa Kihispania: ENE ni Januari, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba. La kwangu lilichapwa wino mtupu, kidole hakisikii kitu, na mwezi hakuna.

Halafu kuna bei. Mwaka 2022 Habanos walipandisha bei ya Cohiba na Trinidad dunia nzima, wakaziweka nchi zote karibu na kiwango kimoja kile cha juu. Boksi la siga 25 za Cohiba siku hizi ni mamilioni ya shilingi. Laki nne na nusu ilitakiwa iniambie kila kitu.

Mara ya pili nilikwenda duka lingine, nikajaribu kuwa mjanja. Nikanunua siga moja moja, tatu, za chapa ya kawaida tu. Hizo zilikuwa halisi, lakini zimekufa. Ganda la nje lilipasuka nilipoikata kichwa, moshi ukawa mkali wa kuchoma ulimi, na ikaisha kwa dakika ishirini badala ya saa nzima. Siga inataka hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi. Hewa ya Dar mara nyingi iko juu ya hapo, ila ndani ya duka kiyoyozi kinaifyonza usiku na mchana, na ile taa ya kabatini inamalizia. Muuzaji hakuwa tapeli. Alikuwa anaitunza kama anavyotunza chupa ya konyagi.

Kwa hiyo ninachoshikilia ni hiki: duka lolote linalokataa kukufungulia boksi, au lisiloweza kukuonyesha siga zake zinalala wapi na kwa unyevu gani, usinunue, hata kama jina mlangoni ni kubwa. Wenzangu mmekutana na nini? Majina ya maduka tusitaje, tusimuonee mtu. Tutaje tulichokiona.

---

Bandarini

Mleta uzi, shukran kwa kulifungua hili. Mimi niko Mombasa, na kwetu ni kinyume chako kabisa. Duka nililokuwa nikinunua halina kiyoyozi, siga ziko kwenye mtungi wa kioo juu ya kaunta, mlango uko wazi, na upepo wa bahari unaingia. Nikaona vidoa vyeupe juu ya ganda. Mwenye duka, mzee wa heshima zake, akaniambia ni mafuta ya tumbaku yanatoka, dalili ya siga iliyoiva. Nikamwamini kwa kuwa kanizidi umri.

Nyumbani nikazitia kwenye mwangaza. Vile vidoa vilikuwa na manyoya, na vingine vimepiga ukijani. Ni kuvu hiyo bwana, kama ya mkate. Ukiifuta inaacha doa. Na upande wa miguu, pale unapowasha, kuvu ilikuwa imeshaingia ndani. Nilizitupa zote tano. Ile moja niliyokuwa nimeiwasha kabla sijaangalia ilikuwa laini kama sifongo, inazimika kila baada ya pumzi mbili.

Kwa hiyo kwetu pwani usikimbilie kusema "hakuna kiyoyozi, ni salama." Unyevu ukizidi ni maradhi vilevile.

---

Mtoto wa Bani

Wakuu, mimi sivuti kabisa. Nimezaliwa Urambo kwenye familia ya tumbaku, ada yangu ya shule imetoka kwenye marobota. Niruhusuni niseme habari ya jani lenyewe, maana naona mnazungumzia boksi na mihuri.

Tumbaku yetu kubwa kule ni ya mvuke. Unalichuma jani, unalifunga kwenye mti, linaingia banini, yaani nyumba ya kukaushia, linapigwa joto la moto unaopita kwenye mabomba siku kadhaa mpaka liwe njano. Likitoka hapo ni kavu kiasi kwamba ukilishika tu linavunjika kama chapati iliyoungua. Hakuna mkulima analigusa likiwa hivyo. Unafungua bani usiku hewa iingie, asubuhi na mapema jani limelainika, ndipo unalishusha na kulipanga kwa madaraja. Jua likipanda ukachelewa, limeshakauka tena. Marehemu baba alikuwa akilipima kwa kuliminya kiganjani na kuachia: likirudi taratibu kama lilivyokuwa, liko sawa, likipiga kelele, bado, likibaki limeshikana, limezidi maji na litaoza robotani.

Siga ni majani yale yale ya tumbaku, ingawa hukaushwa kwa hewa na kisha huvundikwa kwenye marundo kwa muda mrefu. Tabia ya jani haibadiliki. Linavuta maji hewani na kuyarudisha hewani kila siku. Ukienda dukani, omba uiminye siga kidogo kwa vidole viwili, juu mpaka chini. Ikilia kama jani kavu, iache. Ikibonyea na kubaki na shimo, iache. Ukikuta sehemu moja ngumu kama fundo, iache pia, haitavutika. Muuzaji anayejua kazi hakukatazi hilo, mradi mikono yako ni safi na humkamulii mali.

Na jambo la pili: angalia vitobo. Kuna dumuzi wa tumbaku, kadudu kadogo ka kahawia. Wale wa Tabora mtanielewa nikisema ni kama yule "Scania" wa mahindi, kazi yake ni ile ile ya kutoboa. Mayai yake yanaweza kuwa ndani ya jani siku nyingi, joto likipanda yanaanguliwa, mdudu anatoka akiacha kitobo cha pini. Duka la joto lisilo na uangalizi, huyo yupo. Ukiona siga moja ina kitobo, boksi zima usiliguse.

---

Mkwe wa Kinondoni (mleta uzi)

Mtoto wa Bani, nakushukuru sana mkuu. Hiyo ya kuminya kiganjani nimemsomea mzee, akasema baba yako alikuwa mwalimu. Swali: kama mtu ameshanunua na ana wasiwasi na huyo dumuzi, afanye nini?

---

Mtoto wa Bani

Baridi kali ndiyo dawa yake. Ifunge siga kwenye mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, weka kwenye friza inayogandisha kweli siku tatu au nne. Usiitoe moja kwa moja kwenye joto, ganda litapasuka. Ihamishie kwenye friji ya kawaida siku nzima, ndipo uitoe nje ikiwa bado kwenye mifuko yake. Zilizokwisha tobolewa hazirudi.

---

Risiti Kwanza

Mleta uzi, pole. Ulipewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? Maana bidhaa bandia ni kesi ya Tume ya Ushindani, FCC, wana kazi ya kukamata bidhaa ghushi kwa Sheria ya Alama za Bidhaa. Lakini bila risiti unaanzaje kuthibitisha umelinunua pale?

---

Mkwe wa Kinondoni (mleta uzi)

Sikuidai mkuu. Nilirudi pale na boksi, meneja akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mali ikishatoka dukani haipokelewi, na nani anajua nimeitoa wapi. Sikuwa na la kujibu. Hilo ni kosa langu na naliandika hapa ili mwingine asilirudie.

---

Dakta wa Kaunti

Nasoma kutoka Kenya. Mimi ni mmoja wa madaktari tuliokwenda Cuba mwaka 2018 kusomea udaktari wa familia, wakati serikali yetu ilipowaleta wale wa kwao huku. Niwaambie: hata Havana kwenyewe watu wanapigwa, tena kila siku.

Unatembea barabarani, kijana anakusalimu vizuri, anakuuliza unatoka wapi. Baada ya dakika tano anakwambia una bahati, leo ndiyo siku ya ushirika, wafanyakazi wa kiwandani wameruhusiwa kuuza siga zao kwa nusu bei, leo tu. Niliishi kule na "leo tu" ile niliisikia kila wiki. Anakupandisha ngazi mpaka nyumba ya mtu, boksi zimepangwa kitandani, stika zipo, pete za karatasi zinazovishwa siga zipo, kila kitu kipo. Mwenzetu mmoja alinunua mbili apelekee wajomba zake. Ndani ilikuwa majani ya migomba yaliyochanganywa na tumbaku ya hovyo.

Kule duka la kuaminika ni lile rasmi la La Casa del Habano, au la hotelini lenye kibali, na unatoka na risiti. Uwanja wa ndege ukiwa na siga za moja moja zaidi ya 20 bila karatasi, forodha yao inazichukua. Nayaleta haya kwa sababu nyumbani nasikia sana muuzaji akisema "hizi zimeletwa na daktari Mcuba." Wacuba niliofanya nao kazi hawana mshahara wa kubeba maboksi ya Cohiba. Ukisikia hadithi ya mtu badala ya karatasi, ondoka.

---

Kilimani Jioni

Mimi nina mazuri ya kusema, tusije tukawatisha watu wote. Nairobi nina duka dogo ninalonunua, mwenyewe ni mama wa makamo. Mara ya kwanza kuingia alinipeleka kwenye kabati lake la mbao ya mwerezi, akanionyesha vipima unyevu viwili, kimoja juu na kimoja chini, akaniambia Januari na Februari hewa ya hapa inakauka, kwa hiyo ananikazania nisinunue zaidi ya ninazovuta wiki hiyo kama sina pa kuzitunzia. Muuzaji anayekupunguzia ununuzi! Nimekuwa mteja wake tangu siku hiyo.

Kwa Wakenya: tumbaku iliyolipiwa ushuru ina stempu ya KRA, mamlaka yetu ya mapato, na unaweza kuipima kwa programu ya Soma Label kwenye simu. Watanzania nanyi mna Hakiki Stempu ya TRA mnayoitumia kwenye pombe kali na sigara. Lakini mjue mipaka yake. Stempu inakuambia kodi imelipwa. Haikuambii jani limeota wapi wala limetunzwaje.

---

Mswahili wa Houston

Niongeze moja linalowachanganya watu mnaoletewa zawadi kutoka huku. Siga ya Cuba haiuzwi kihalali dukani Marekani, vikwazo ni vya tangu 1962, na tangu 2020 hata msafiri kurudi nazo mkobani kumekatazwa. Lakini ukiingia duka la hapa utaikuta Cohiba rafuni, imeandikwa hivyo hivyo, na ndani ya herufi O kuna doa jekundu. Hiyo si bandia. Ni kampuni nyingine inayouza kwa jina hilo hapa, na siga inatengenezwa Jamhuri ya Dominika. Ni siga nzuri tu. Tatizo linaanza ikifika Dar au Mombasa, mtu anaivua asili yake na kuiuza kwa jina na bei ya Cuba. Mkiona doa jekundu, mjue ni ya wapi na lipeni bei ya huko.

---

Nesi Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote kwa makini na ninaheshimu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Nimeuguza wazee wenye saratani ya ulimi na ya koo ambao walikuwa wakisema "mimi simezi moshi." Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Moshi unakaa mdomoni na nikotini inapita hapo hapo. Siwakatazi zawadi zenu, ninyi ni watu wazima. Naomba tu aliye na mjamzito au mtoto nyumbani asiwashe ndani, na muuzaji asimuuzie mwenye umri chini ya miaka 18.

---

Mkwe wa Kinondoni (mleta uzi)

Mama, shikamoo. Umesema kweli na siwezi kuipunguza. Mzee wangu daktari alishamwambia, na sasa anawasha moja Idd na moja siku ya kumbukumbu ya ndoa yake, nje barazani. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka hiyo moja iwe ya kweli. Sioni sababu ya mtu kujidhuru kwa takataka aliyouziwa kwa bei ya dhahabu.

---

Bandarini

Mleta uzi, sasa nyumbani unazitunzaje? Hyumido, yale makasha ya kutunzia siga, madukani bei yake ni kubwa kuliko siga zenyewe.

---

Mkwe wa Kinondoni (mleta uzi)

Usinunue, mkuu. Mimi natumia kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira unaobana, nimetia vipande vya ubao wa mwerezi nilivyookota kwa fundi seremala, na pakiti moja ya kurekebisha unyevu ya asilimia 65. Pakiti hizo zinaagizwa mtandaoni, moja inakaa miezi. Kwetu pwani chagua 65, usichukue ya 72. Naliweka chini ya kitanda chumba cha ndani, mbali na dirisha na mbali na friji, kila baada ya wiki mbili nafungua dakika moja hewa ibadilike.

Kitu kimoja ambacho wengi wanakiruka ni kukihakiki kipima unyevu chenyewe. Hivi vya bei nafuu vinadanganya, na hata vya madukani vinadanganya. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Kiweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, ufunge hewa isiingie, uache usiku kucha. Chumvi iliyolowa hivyo inaweka hewa ya mfukoni kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma namba nyingine, tofauti hiyo ndiyo kosa lake.

---

Bandarini

Nimefanya jana usiku kwa hicho kipimo changu cha zamani. Asubuhi kimesoma 68.

---

Mkwe wa Kinondoni (mleta uzi)

Basi kinakupunguzia saba. Kikikuonyesha 65 kopo lako liko 72, umeshazidisha. Kibandike karatasi mgongoni uandike "ongeza 7", na uendelee kukitumia.